Bibi Harusi Si Ukuta wa Kupigwa Chokaa

Jamani, hivi ni lini tulikutana tukakubaliana kwamba bibi harusi wa Kitanzania lazima aingie kanisani akiwa na rangi ambayo hata mama yake mzazi haijui? Nauliza mkutano huo ulifanyika ukumbi gani, nani alikuwa mwenyekiti, na kwa nini sisi wengine hatukupewa taarifa. Maana kila Jumamosi ya msimu huu wa harusi, hapa kwetu Soweto, Mbeya, naona maazimio ya mkutano huo yakipita barabarani kwenye gari lililofungwa riboni, na matarumbeta yako nyuma kwenye pikapu.

Anayepitishwa ni dada mzuri tu. Lakini uso una rangi ya karanga iliyomenywa, shingo ina rangi ya pili, na mikono iliyoshika maua ina rangi aliyozaliwa nayo. Vijana wa bodaboda wakimwona wanagongana viwiko. Ile kauli ya Fanta na Coca-Cola mnaijua wote, sina haja ya kuirudia. Wanacheka mpaka msafara unapotelea upande wa Mafiati. Hapo ndipo hasira inaponishika, kwa sababu wanamcheka mtu asiyehusika.

Niseme mapema nilichokuja kusema, ili mwenye haraka zake aweze kwenda. Kiswahili chetu kina neno "kujichubua". Tazama hicho kisilabi cha katikati, "ji". Kisilabi kidogo lakini kimebeba hukumu nzima: kajichubua mwenyewe, shauri yake, tamaa zake, ujinga wake. Mimi nasema bibi harusi wetu wengi hawajajichubua. Wamechubuliwa. Na ukishasema "wamechubuliwa" inabidi umtaje aliyechubua, na hapo ndipo watu wengi wa heshima huanza kutazama saa zao.

Najua pingamizi la kwanza. Wewe mwanaume, mwandishi wa habari, unajua nini kuhusu saluni? Swali zuri. Najua bajeti. Tangu nikiwa mwaka wa tatu chuoni nimekaa kwenye kamati za harusi zaidi ya nilivyokaa maktaba, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati za mjini anajua fedha zinavyogawanywa. Kifungu cha vinywaji kinajadiliwa saa nzima na nusu. Watu wazima, wenye shahada zao, wanabishana kama kreti ziwe arobaini au hamsini. Mshereheshaji anajadiliwa, ukumbi unajadiliwa, keki inapimwa kwa ngazi. Ikifika saluni ya bibi harusi, mwenyekiti anafunika daftari: "Hayo ya urembo tuwaachie akina mama." Mweka hazina anaandika tarakimu ndogo, tunapiga makofi, tunafunga kikao kwa sala.

Sasa fuatilia ile tarakimu ndogo inakokwenda. Inakabidhiwa kwa matroni, matroni anakwenda nayo kwa mwenye saluni, na mwenye saluni, ambaye naye ana kodi ya fremu na umeme wa kununua, anatoa bei ya jumla inayoitwa maandalizi ya bibi harusi. Ndani yake kuna kusuka, kucha, kusafishwa uso, kupambwa siku ya sendofu na siku yenyewe. Halafu kuna kitu kinaitwa kung'arishwa. Hicho kinaanza miezi miwili au mitatu kabla. Mtaalamu wa vipodozi wa kweli ni ghali, lakini kopo la kung'arisha ni rahisi kuliko kreti moja ya bia. Kwa hiyo yule dada tunayemcheka barabarani alipangiwa rangi yake kwenye kikao, na wanaume waliokuwa wanawahi kuangalia mpira.

Juu ya hapo weka maneno ya ukoo. Shangazi anamtazama binti anasema, "Bado hujaiva, mwanangu." Mama mdogo anasema afadhali apunguze jua. Wifi mtarajiwa anauliza, kwa sauti ya utani, kama kwenye picha ataonekana. Bwana harusi yupo hapo hapo anachezea simu. Hasemi neno. Hilo neno "kuiva" limekuwa likinikera muda mrefu. Ndizi huiva. Parachichi za kule Rungwe huiva. Msichana wa miaka ishirini na sita, mwalimu, mwenye ngozi yake nzima isiyo na hata chunusi, anaiva kuwa nini?

Ndani ya kopo kuna nini? Tuache matusi tuzungumze kemia kidogo, maana wasomaji wangu wengi mmesoma.

Rangi ya ngozi yetu inatokana na melanini, na kazi yake kubwa ni kuzuia mionzi ya jua isiharibu chembe hai zilizo chini yake. Mkorogo unachofanya ni kuizuia ngozi isitengeneze melanini hiyo, au kuikonda ngozi yenyewe. Mara nyingi huwa na moja au zaidi ya vitu vitatu. Kuna haidrokwinoni. Kuna steroidi kali, dawa ambazo daktari wa ngozi humwandikia mgonjwa kwa siku chache na kwa sehemu ndogo ya mwili, lakini hapa anapakwa mtu mzima kutoka utosini hadi kwenye visigino, kila usiku, kwa miezi. Na kuna zebaki.

Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya vitumbua. Michirizi inatokea, mishipa inaonekana, fangasi wanapata makazi, na jeraha linapona kwa shida. Ukiacha ghafla, uso unawaka na kuwa mwekundu, kwa hiyo huachi. Ndiyo maana aliyeanza "kwa ajili ya harusi tu" unamkuta bado yumo mpaka ubatizo wa mtoto wa pili. Haidrokwinoni nayo ina deni lake la baadaye. Mwaka 1975 daktari Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza jinsi watumiaji wa krimu hizo walivyotokewa na madoa meusi yenye ubluu mashavuni na kuzunguka macho, yaani pale pale palipopakwa ili pawe peupe. Madoa hayo ni magumu mno kuondoa. Mnayajua. Mnayaona sokoni kila siku kwenye mashavu ya mama zetu walioolewa zamani kidogo.

Zebaki ndiyo inayonitisha kuliko zote. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha kwenye British Medical Journal habari za wagonjwa 60, watu wazima, waliovimba miili kwa sababu figo zao zilikuwa zinapoteza protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Elfu moja mia tisa sabini na mbili! Nairobi, si sayari ya mbali. Zaidi ya miaka hamsini imepita na bado kuna mtu anakwambia mkorogo hauna shida bora usizidishe.

Na hapa naomba akina dada wanaojiandaa wasome pole pole. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba njia mojawapo ya kutambua krimu yenye zebaki ni maelekezo yake. Ikiwa maandishi yanakwambia usiiguse na dhahabu, fedha, alumini au vito, shtuka. Zebaki hushikana na dhahabu, hata wachimbaji wadogo wa Chunya, hapa juu yetu tu, wanalijua hilo, ndiyo kazi wanayoitumia. Kwa hiyo tunampaka bibi harusi kitu ambacho kingeweza kuharibu pete atakayovishwa madhabahuni, na pete ndiyo tunayoihurumia tukaiandikia onyo. Figo zake hazikuandikiwa chochote, maana kopo lenyewe kwa kawaida halina hata lebo. Lilikuwa la siagi.

Hesabu nyingine ni ya kalenda. Anapakwa miezi mitatu kabla ya harusi. Anaolewa. Kwa desturi zetu, mwezi wa pili tu baada ya ndoa wakwe wameshaanza kuuliza. Yaani tunamjaza mtu zebaki katika kipindi kile kile ambacho familia nzima inamwombea apate mimba, na zebaki ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Akijaaliwa kujifungua kwa upasuaji, ngozi iliyokondeshwa na steroidi ndiyo hiyo itakayoshonwa. Sijasikia kamati hata moja ikiweka kifungu cha hilo.

Kwa Mbeya kuna ziada. Sisi tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kila unapopanda mita elfu moja mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Watu wa Dar es Salaam wakija mwezi wa saba wanaona baridi wanadhani hapa hakuna jua. Jua lipo, tena kali, ila limefichwa na upepo. Na msimu wetu wa harusi ni huo huo: Kwaresima imepita, mvua zimekatika, mavuno yameuzwa, watu wana chochote mfukoni, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa. Hewa kavu, midomo inapasuka, jua la juu ya mlima. Huo ndio wakati tunaochagua kumvua binti kinga yake aliyopewa bure. Kule Moshi, KCMC, wanatengeneza mafuta maalumu ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu kukosa melanini katika nchi hii kunaleta saratani ya ngozi. Mtu mmoja anahangaika kupata kinga aliyonyimwa, mwingine analipishwa ili aharibiwe aliyo nayo.

Jina la mtaa wetu nalo linanisumbua kila ninapofikiria mambo haya. Soweto. Tulilichukua kutoka kule Johannesburg, kama mitaa mingi Afrika ilivyoazima majina ya mapambano. Basi wenzetu wa huko walipigana na krimu hizi pia. Wanaharakati waliokuwa wakipinga ubaguzi wa rangi, pamoja na madaktari wa ngozi waliochoka kuona mashavu yaliyoungua, walisukuma mpaka mwaka 1990 serikali ikapiga marufuku krimu za kung'arisha ngozi. Mwaka ule ule Mandela alipotoka gerezani! Chini ya utawala wa makaburu wenyewe. Mwanahistoria Lynn Thomas ameandika kitabu kizima juu ya habari hiyo, kilitoka mwaka 2020, mwenye uwezo akitafute. Sisi tumechukua jina tukaacha kazi iliyokuja na jina.

Kabla babu zangu hawajanipigia makofi, niwaambie kwamba sipo upande wenu pia. Najua kuna wazee wanaosoma hapa wakitikisa kichwa, wakikumbuka enzi zao. Enzi zenyewe ni hizi: mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kuanza Januari 1969, kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha. Likawa jambo la vijana wa kiume kusimama Kariakoo na kuwashambulia wanawake kwenye vituo vya basi. Krimu hazikwisha. Kilichobaki ni kumbukumbu ya wanawake kudhalilishwa hadharani kwa jina la utamaduni. Mimi sitaki mgambo apekue mkoba wa mtu. Anayetaka kumtoa jasho bibi harusi aanze na aliyelipia kopo.

Wala tatizo si kukosa sheria. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003, na viambata hivi vyote vitatu viliwekwa kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi. Kuanzia mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Kimataifa kuna Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na mwaka 2023 nchi wanachama, kwenye mkutano wa Geneva, walikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2025. Karatasi zipo za kutosha. Lakini kutoka hapa mpaka Tunduma ni kilomita mia moja na kidogo, mpaka wenye shughuli nyingi, malori ya Zambia na Congo usiku na mchana, na upande wa Kyela kuna Malawi. Mamlaka wanakamata, wanachoma moto maboksi, sisi waandishi tunaitwa kupiga picha ya moshi, kesho yake mzigo mwingine unaingia. Unaingia kwa sababu una wateja. Mteja mkubwa kuliko wote ni sherehe, na sherehe inaendeshwa na watu kumi na wawili wenye daftari.

Sasa twende kwenye kupamba kwenyewe, maana kuna wanaokwepa kopo la mkorogo lakini bado siku ya harusi wanatoka na uso wa chokaa. Hawa hawajaumizwa ngozi, poda inanawika. Ila imani ni ile ile, na ina historia ya ajabu kidogo.

Mpambaji atakwambia lazima akufanye mweupe "ili picha zitoke". Zamani hilo lilikuwa na chembe ya ukweli, lakini kosa halikuwa la ngozi yako. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye mwanamke mzungu, ikaitwa Shirley, na rangi za picha zikawa zinasawazishwa kwa kumtazama huyo Shirley. Akitoka vizuri yeye, mashine iko sawa. Bibi yako akitoka kama kivuli chenye meno, basi. Studio zetu zilirithi hilo. Wapiga picha wakawafundisha wapambaji, wapambaji wakawafundisha wasaidizi wao, na leo kijana ana kamera ya dijitali inayoweza kuona mpaka unyevu wa paji la uso lakini bado anaomba bibi harusi "aongezwe kidogo". Na mara nyingi poda hiyo nyeupe ndiyo inayoharibu picha. Poda yenye titani dioksidi au silika nyingi hurudisha mwanga wa flashi, ukumbini usiku unapata sura ya aliyechovya uso kwenye unga wa sembe.

Kuna na suala la makopo ya fandesheni. Ingia saluni kumi za kati ya hapa na Mwanjelwa uombe kuona rangi walizonazo. Utakuta tatu au nne, na iliyo nyeusi kuliko zote bado ni nyeupe kuliko nusu ya wateja waliokaa kwenye benchi. Hilo nalo si la Mbeya peke yake. Iman, yule mwanamitindo Msomali, amesimulia alivyofika Marekani katikati ya miaka ya 1970 akaulizwa na mpambaji kama amekuja na fandesheni yake, maana wao hawakuwa na ya kumfaa; mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya vipodozi. Rihanna alipozindua Fenty Beauty mwaka 2017 kwa rangi 40 kwa mpigo, makampuni makubwa yalianza kukimbizana kuongeza makopo meusi. Kwa hiyo bidhaa zipo duniani. Hazijafika kwenye fremu ya Soweto kwa sababu mwenye saluni anajua hakuna atakayezidai. Dada atakayepambwa ana aibu, matroni anataka ang'ae, na aliyelipa yuko baa.

Niwatendee haki wapambaji. Yupo mama mmoja hapa mtaani, sitamtaja maana hapendi, anayefanya kazi hii kwa akili. Anamwita bibi harusi wiki tatu kabla kwa majaribio. Anamkalisha dirishani kwenye mwanga wa mchana, anazima taa ya tyubu. Anachanganya fandesheni mbili mgongoni mwa mkono wake, anapaka mstari kwenye taya kushuka shingoni, na mstari usipopotea anaanza upya. Hapaki shavuni, kwa sababu shavu huwa na rangi tofauti kidogo na shingo. Anapiga picha na flashi, anaangalia. Siku ya harusi anaamka saa kumi alfajiri, na kwenye baridi ya hapa mnajua saa kumi alfajiri ni nini. Bibi harusi wake anatoka akiwa yeye, ila yeye wa siku aliyolala vizuri na kupendwa. Mama huyo anakosa kazi kila wiki. Kamati zinamwambia ni ghali.

Nywele nizigusie kwa kifupi, zina mambo yake na leo sitaki kuandika kitabu. Ukifumua rasta Alhamisi, ukajikuna, Ijumaa ukatiwa dawa ya nywele, utaungua. Kila msusi analijua hilo na bado ratiba za harusi hupangwa hivyo. Kisha kidonda kinafunikwa na wivingi, juu ya wivingi linakaa shela, na bibi harusi anatabasamu saa tisa mfululizo huku kichwa kinamwuma. Nani alisema nywele fupi haziwezi kubeba shela? Flaviana Matata alipanda jukwaani Miss Universe, Mexico, mwaka 2007 akiwa amenyoa kipara, na ngozi yake kama alivyozaliwa, akaingia kumi bora ya dunia. Dunia nzima imeona, ila saluni ya pale kona inakwambia bila wivingi wa inchi kumi na nane hujaolewa.

Pingamizi la mwisho ninalolipata ni la wenzangu wasomi, wale wa uhuru wa mtu binafsi. Mwache achague, ni mwili wake. Naafiki kabisa, tena kwa mikono miwili. Basi mpeni hayo machaguo. Mwonyesheni kopo lenye lebo. Mwambieni kilichomo. Mwekeeni fandesheni ya rangi yake mezani, karibu na ile ya karanga. Bwana harusi amwambie, mbele ya shangazi, kwamba alimpenda hivyo alivyo na hana ombi la marekebisho. Baada ya hapo, akichagua weupe, mimi nitanyamaza na nitachangia kadi. Sasa hivi anachochagua ni kati ya kupakwa na kusemwa.

Na asije mtu akaniambia napinga bibi harusi kuandaliwa. Wenzetu wa pwani na Zanzibar wamekuwa wakimweka mwari ndani na kumsinga tangu zamani: liwa, karafuu, mawaridi, somo wake akimkanda mpaka ngozi iwe laini na inukie. Anaingizwa ndani siku kadhaa, anatoka akiwa na rangi yake, na hina mikononi. Ni kazi ya mikono na muda, na mwenye kuifanya anaheshimiwa na kulipwa. Huku kwetu nyanda za juu hatuna singo, lakini parachichi tunazo mpaka zinaoza barabarani pale Uyole, na mafuta yake yanapakwa vizuri tu kwenye ngozi iliyopasuka kwa baridi.

Binti wa mama yangu mdogo anaolewa mwezi wa nane. Ni mweusi, mweusi wa kwetu hasa, na ameshaambiwa mara mbili kwamba hajaiva. Kopo limeshaletwa nyumbani. Mimi nimo kwenye kamati, upande wa usafiri, kazi yangu ni kutafuta Coaster mbili. Nimeandika barua kwa katibu nikiomba kifungu cha saluni kisomwe kabla ya vinywaji, kreti tano zipunguzwe, yule mama wa dirishani apewe kazi na alipwe bei yake, na matroni arudishe kopo lilikotoka. Kikao ni Jumapili saa kumi jioni. Mwenyekiti amenijibu kwa ujumbe wa neno moja: "Tutaona."